Kusoma Habari za Afya Katika Simu: Tufundishane Vikundini

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha pamoja cha kamati za usimamizi wa zahanati na vituo vya afya, watendaji wa kata na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunaichapisha yote kwa ajili ya wananchi ambao hawakuweza kufika.

 

 Nawasalimu kwa namna ya pekee ndugu zetu waliopanda mlima kutoka Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Nyasa ni wilaya yenye halmashauri yake, lakini maradhi hayaulizi mpaka wa wilaya uko wapi, na ujumbe wa simu hauulizi pia.

Naomba niseme mapema kwamba mimi si daktari. Kazi yangu ni habari. Sitaeleza hapa namna ya kutibu ugonjwa wowote. Wenye kazi hiyo wamo humu ukumbini. Nitazungumzia jambo moja tu: namna mwananchi anavyozipata habari za afya katika simu yake, namna anavyoweza kuzipima kabla hajaziamini, na wajibu wetu wa kumfundisha kazi hiyo. Hoja yangu ni kwamba kupima habari za afya ni stadi kama kusoma na kuandika. Hakuna anayezaliwa nayo, kila mtu anaweza kufundishwa, na hufundishwa vizuri zaidi katika kikundi kuliko mtu akiwa peke yake na simu yake usiku.

Kwa nini watu huiuliza simu

Wazee wa ufukweni wanaifahamu habari ya meli ya Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901 ikapita vijiji vya Ziwa Nyasa ikiwa imebeba zahanati na shule kwa pamoja. Baadaye zilikuja hospitali za misheni, Liuli pale ziwani na Litembo huku milimani, kisha zahanati na vituo vya afya vya Serikali. Kwa miaka mingi habari za afya zilipatikana mahali palepale tiba ilipopatikana: kwa muuguzi, kwa mkunga, kwa daktari, au kwa redio ya Taifa.

Leo mambo hayo mawili yametengana. Tiba iko zahanati, lakini habari imo mfukoni. Mtoto anapopata homa saa nne za usiku katika kijiji kilicho nyuma ya mlima, mvua inanyesha na njia imeteleza, mama hana muuguzi wa kumuuliza. Ana simu. Kijana mwenye aibu ya kueleza maradhi yake mbele ya foleni ana simu. Mzee aliyeandikiwa vidonge vya shinikizo la damu, akaelezwa kwa haraka kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi, ana mjukuu mwenye simu.

Tusiwaite watu hawa wajinga. Wanatafuta jibu mahali ambapo mlango uko wazi. Na milango hiyo inaongezeka: mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu. Kila mnara unaosimama huleta mafundisho ya kweli na ya uongo kwa nguvu ileile. Mnara hauchagui. Mchaguzi ni yule anayesoma.

Kurasa hazikuandikiwa Ziwa Nyasa

Baadhi ya watu hudhani kwamba tatizo pekee la mtandao ni uongo. Lipo tatizo la pili, ambalo ni gumu zaidi kuliona: habari iliyo kweli kabisa, lakini ikawa imeandikwa kwa ajili ya watu wa mahali pengine.

Chukueni homa ya mtoto. Mzazi akisoma ukurasa wa afya wa Uingereza, ukurasa wa kuaminika kabisa, ataelekezwa ampe mtoto vinywaji, amwangalie nyumbani, amwone daktari homa ikiendelea kwa siku kadhaa au zikitokea dalili za hatari. Kwa mtoto wa London asiyeishi na mbu wa malaria, hayo ni maelekezo mazuri. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hapa kwetu, siku hizo kadhaa zinaweza kuwa ndizo siku za uhai wake. Maelekezo ya nchi yetu ni kumfikisha mtoto mwenye homa kwenye kituo cha huduma ndani ya saa 24 ili apimwe malaria. Kurasa zote mbili zinasema kweli. Ni moja tu iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto huyu.

Chukueni sasa mfano wa ufukweni. Kijana anaona damu katika mkojo. Anaandika swali lake kwa Kiingereza cha shuleni. Kurasa za Ulaya na Marekani zinamtajia maambukizi ya njia ya mkojo, mawe ya figo, au saratani ya kibofu. Anaingiwa na hofu, anakaa kimya, au anamtumia fedha mtu anayetangaza mizizi ya kusafisha figo. Lakini swali la kwanza ambalo mhudumu wa Liuli au Lituhi angemuuliza ni dogo: je, unaoga ziwani? Kichocho kimo katika maji ya Ziwa Nyasa, kwenye kina kifupi penye konokono, mahali watoto wanapoogelea na akina mama wanapofua. Kina kipimo na kina dawa, prazikuanteli, ambayo hutolewa kwa kuzingatia uzito au urefu wa mtu na ambayo Serikali huigawa shuleni katika maeneo yenye ugonjwa.

Kwa mwanamke jambo hili ni zito zaidi. Kichocho kinaweza kuathiri via vya uzazi na kuleta maumivu, uchafu na damu, dalili ambazo hufananishwa na magonjwa ya zinaa. Mke anayesoma dalili zake katika simu akaambiwa ni ugonjwa wa zinaa, au mume anayeusoma ukurasa huohuo, wanaweza kufikishana mahali pabaya kwa sababu ya mdudu aliyetoka kwenye maji. Hapo utaona kwamba habari isiyopimwa haiharibu mwili peke yake. Inaweza pia kuvunja nyumba.

Yaliyokwisha kutokea

Mwezi Agosti 2014, baada ya Ebola kuingia Nigeria, ujumbe mfupi ulienea kwa simu ukiwataka watu waoge na kunywa maji ya chumvi kabla hakujapambazuka ili wajikinge. Ulisambazwa na watu wenye nia njema: mama kwa mwanawe, rafiki kwa rafiki. Wizara ya afya ya nchi hiyo ilipokanusha, tayari baadhi ya watu walikuwa wamelazwa hospitalini, na vifo viwili viliripotiwa. Waliolazwa hawakuwa na Ebola. Walikunywa chumvi.

Nchini kwetu tunaukumbuka mwaka 2011, maelfu kwa maelfu ya watu walipokwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Sina nia ya kumsema vibaya marehemu yule wala kudhihaki imani ya mtu. Nataka tuitazame njia ambayo habari ile ilipita. Ilipita kwa ushuhuda: fulani alikunywa, fulani amepona. Katika msafara ule walikuwamo wagonjwa waliotoka vitandani hospitalini, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na za kisukari kwa kuamini kwamba hawazihitaji tena. Ushuhuda wa aliyepona husafiri mbali. Ushuhuda wa aliyefariki hauna wa kuusambaza.

Mwaka ule wengi wetu hatukuwa na simu za kuperuzi. Leo ushuhuda wa namna ile hauhitaji gari wala barabara. Hufika kwa sauti iliyorekodiwa, isiyo na jina wala tarehe, ikimwambia mzee wa Kigonsera au Maguu aache vidonge vya shinikizo la damu kwa kuwa eti vinaharibu figo. Mzee anaacha. Kwa wiki mbili anajiona mzima, kwa sababu shinikizo la damu mara nyingi haliumi. Kisha kiharusi kinamkuta shambani.

Jambo hili limegusa pia chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Pamoja nayo ulisambaa uvumi kwamba inaondoa uzazi. Mzazi anayemficha binti yake siku ya chanjo anadhani anaulinda uzazi wake. Madhara ya uamuzi huo hayaonekani mwaka huu wala mwaka ujao. Huonekana binti akiwa mama mwenye watoto wanaomtegemea.

Tuliwahi kufanya, tena vizuri

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunapotafuta dawa ya tatizo hili hatuna haja ya kuanza na vitabu vya ughaibuni. Wazee waliomo humu wanakumbuka mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa uongozi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi katika redio, wakasoma kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili rahisi, wakajadiliana wakiongozwa na mwenzao aliyepewa mafunzo mafupi, kisha wakaamua la kufanya kijijini kwao. Masomo yalikuwa malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu na usafi wa maji. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na wananchi wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Tujiulize ni kitu gani kilichofanya kazi. Redio ilikuwapo kabla ya hapo, na watu walikuwa wakiisikiliza. Kilichoongezwa ni kikundi. Mtu aliyesikia jambo asilolielewa aliuliza. Mwenye shaka alisema shaka yake mbele ya wenzake badala ya kuondoka nayo nyumbani. Na walipokubaliana, walikubaliana pamoja, hivyo hakuna aliyeona haya kuchimba choo peke yake. Serikali imelirudisha jina hilo la Mtu ni Afya katika kampeni mpya tangu mwaka 2024. Ni wakati mwafaka wa kurudisha pia kikundi, safari hii simu ikikaa mahali pa redio.

Jirani zetu nao wamelifanyia jambo hili utafiti. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakishirikiana na wenzao wa Norway, waliwafundisha watoto wa shule za msingi katika eneo la kati la Uganda namna ya kupima madai kuhusu tiba. Shule 120 zilishiriki, nusu zikipata mafunzo na nusu zikiendelea kama kawaida, na watoto walikuwa zaidi ya 10,000. Walitumia kitabu chenye hadithi ya picha, masomo tisa tu. Katika mtihani uliofuata, watoto 69 katika kila 100 waliofundishwa walifaulu. Kwa wasiofundishwa walikuwa 27 katika kila 100.

Wazazi nao walifundishwa kwa vipindi vya kusikiliza, nao walinufaika. Lakini walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imepungua kwa wazazi, huku watoto wakiendelea kuishika. Funzo ni mawili: mtoto wa darasa la tano anaweza kujifunza kazi hii, na mtu mzima anahitaji kurudiwa. Semina ya siku moja yenye chai na picha ya pamoja haitatosha.

Maswali matano ya kuuliza

Napendekeza kila kikundi kianze na maswali matano. Yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani katika zahanati.

La kwanza: nani anasema? Habari ya afya iwe na mwenyewe anayejulikana. Anwani za mtandao za taasisi za Serikali yetu huishia na herufi go.tz, kama ile ya Wizara ya Afya. Sauti isiyo na jina, au inayodai kuwa ya “daktari bingwa wa Muhimbili” bila jina lake, haina tofauti na barua isiyo na sahihi. Hakuna mtendaji wa kijiji anayeifanyia kazi barua ya namna hiyo.

La pili: anauza nini? Somo likiisha kwa namba ya kutumia fedha, lile lilikuwa tangazo. Fahamuni pia kwamba mnapotafuta jambo mtandaoni, majibu ya juu kabisa mara nyingi yamelipiwa. Kuwa juu si kuwa sahihi. Dawa inayouzwa nchini inapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mtoa tiba asili anasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kuuliza usajili si kumvunjia mtu heshima.

La tatu: amejuaje? Hapa ndipo watoto wa Uganda walipofundishwa jambo kubwa. Mtu akiugua mafua, akanywa mchemsho wa majani, akapona baada ya wiki moja, hajathibitisha lolote, kwa kuwa mafua hupona kwa muda uo huo bila mchemsho. Ili kujua kama dawa inafaa, ni lazima waliotumia walinganishwe na wasiotumia, tena wawe wengi. Shahidi mmoja hatoshi, hata akiwa mwaminifu.

La nne: ni ya lini na ya wapi? Klorokwini ilikuwa dawa yetu ya kwanza ya malaria hadi mwaka 2001. Ikafuata SP, na tangu mwaka 2006 ni dawa mseto. Ukurasa wa mwaka 1998 unaosifu klorokwini haukuwa wa uongo ulipoandikwa. Umepitwa na wakati. Ama kuhusu mahali, tumekwisha kuona homa na kichocho.

La tano: wengine wenye dhamana wanasemaje? Usisimame kwenye ukurasa mmoja. Tafuta wa pili usiotegemea wa kwanza, kisha ulipeleke swali zahanati. Jambo moja lililonakiliwa na makundi kumi ya simu bado ni jambo moja.

Namna ya kutafuta

Stadi hii ina mambo madogo ya mikono ambayo nayo hufundishwa. Tumia jina la kitaalamu pamoja na jina la mtaani: andika “presha” mara moja, na mara ya pili “shinikizo la juu la damu”, majibu yatatofautiana. Ongeza neno Tanzania, au maneno Wizara ya Afya. Andika swali bila kulipa jibu ndani yake. Anayeandika “chanjo huondoa uzazi” ataletewa kurasa zinazosema hivyo. Anayeandika “usalama wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi” ataletewa maelezo.

Kiswahili kinazo habari nzuri za afya, ingawa si nyingi tunavyotamani. Kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari kimesaidia vijiji kwa miaka mingi. Maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, kupitia tovuti yake ya MedlinePlus, ina vipeperushi vya Kiswahili. Palipo na wazee wanaoelewa vizuri zaidi Kimatengo, Kimanda, Kimpoto au Kinyanja, kiongozi wa kikundi asome kwa Kiswahili na aeleze kwa lugha ya nyumbani, kisha amwombe mzee aeleze alivyoelewa. Hapo ndipo mtajua kama ujumbe umefika.

Kuhusu programu za akili unde zinazojibu maswali kwa ufasaha kama mtu, niseme kwamba ufasaha wake haupungui zinapokosea. Nazo ziulizwe maswali yaleyale matano.

Wenye simu ndogo wasiachwe nje. Simu yoyote inaweza kupiga 199, namba ya bila malipo ya Wizara ya Afya, mtu akauliza na kujibiwa. Kikundi cha watu 15 hakihitaji simu janja 15. Moja inatosha, kama redio moja ilivyotosha mwaka 1973.

Jambo la mwisho hapa ni siri ya mgonjwa. Picha ya mtu aliye kitandani, cheti chake, au habari ya maambukizi yake si vitu vya kurusha katika kundi la kijiji, hata kwa nia ya kuomba maombi au michango, bila ridhaa yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabla ya sheria, upo utu.

Wakati wa kuiweka simu chini

Upo wakati ambao kusoma ni kuchelewa. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri. Mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona giza, au aliyepata degedege. Mtu anayeharisha maji mengi mfululizo. Aliyepooza upande mmoja ghafla. Anayeshindwa kupumua: hawa hawatafutiwi majibu. Wapelekwe. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, na namba yake ni 115, bila malipo. Naomba namba hiyo iandikwe kwenye mlango wa kila nyumba yenye mjamzito, kama tunavyoandika namba ya nyumba.

Mapendekezo

Napendekeza mambo manne, nayo hayahitaji jengo jipya.

Kwanza, kila zahanati itenge nusu saa katika siku ya kliniki ya mama na mtoto. Akina mama wapo, na mara nyingi wanasubiri. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali ilizindua mpango wao mwaka 2024 ikikusudia kuwafikia 137,294 nchini, wachukue ujumbe mmoja unaozunguka katika simu za kijiji wiki hiyo na waupitishe kwenye maswali matano, mbele ya wote. Wasiseme tu kwamba ni uongo. Waoneshe namna ya kuujua. Na kama ujumbe ni wa kweli, wauthibitishe. Huko ufukweni wavuvi wakutane wanapoanika usipa, na huku milimani vyama vya ushirika vya kahawa vitoe nafasi katika mikutano yao, kwa kuwa akina baba hawaji kliniki na ndio mara nyingi wenye simu na nauli.

Pili, walimu wa shule za msingi wayachukue maswali haya katika klabu za afya. Mtoto ndiye msomaji wa simu katika nyumba nyingi.

Tatu, nawaomba kwa heshima waganga na wauguzi wetu. Mgonjwa anayefika akisema “nimesoma kwenye simu” asionwe mkorofi. Ameleta swali. Akikemewa, hataacha kusoma. Ataacha kuuliza, na baadaye ataacha kuja. Dakika mbili za kumweleza kwa nini vidonge havikomi hata akijisikia mzima zina thamani kuliko mabango yangu yote.

Nne, sisi wa Halmashauri tunao wajibu wetu. Uvumi hustawi mahali ambapo Serikali imenyamaza. Dawa zikikosekana zahanati, tuseme zimekosekana na zinatarajiwa lini. Siku ya chanjo itangazwe mapema, pamoja na jina la chanjo na sababu yake. Kipindupindu kikitokea ng'ambo ya ziwa, kama kilivyotokea Malawi kuanzia mwaka 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700, wananchi wa mwambao wasisikie kwanza kwa wavuvi. Wasikie kwetu, siku hiyohiyo, pamoja na maelekezo ya maji, vyoo na mahali pa kumpeleka mgonjwa. Hatuwezi kumdai mwananchi aamini taarifa rasmi ambayo haijamfikia.

Ndugu zangu, simu haitaondoka, wala hatuna sababu ya kutamani iondoke. Mama aliyesoma vizuri hufika zahanati mapema na kueleza dalili kwa ufasaha. Humkumbusha mhudumu kupima kichocho, na humaliza dozi. Mama huyo hatokei kwa bahati. Hufundishwa, na kabla ya wiki kuisha kila mmoja wetu humu anaweza kukaa na watu watano kijijini kwake, wakatazama pamoja ujumbe mmoja walioupokea na kuuliza: nani anasema, anauza nini, amejuaje, ni wa lini na wapi, na wengine wanasemaje?